GARI LA WAYA KILIMANJARO: MAMA ANALITAKA, KAKA HATAKI HATA KULISIKIA

Sisi huku Moshi tupo, tunasukuma siku. Alfajiri mlima unafunguka, Kibo inang'aa nyeupe kama bibi harusi, ikifika saa nne mawingu yanaifunika tena utadhani kuna mtu ametunyima. Ndiyo maisha yetu sisi tunaokaa chini ya mlima, tumeshazoea.

Wiki hii nilikusudia kuwaletea habari za mapenzi, maana najua ndizo mnazozikimbilia mkifungua ukurasa huu. Lakini Jumapili iliyopita yalinikuta mambo nyumbani, nikaona heri niyamwage hapa, huenda tukasaidiana mawazo.

Nilikuwa nimepanda Machame kumsalimia mama. Kutoka chumba changu cha kupanga pale Pasua mpaka stendi, kutoka stendi na Hiace iliyojaa mpaka mlangoni, halafu kamwendo kidogo kwa mguu mpaka kwenye kihamba chetu. Nikakuta mtori uko jikoni unachemka, nikajua leo siku yangu. Kaka yangu mkubwa naye alikuwepo. Alikuwa ameshuka mlimani jana yake jioni, midomo imepasuka kwa baridi, miguu kaitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto yenye chumvi.

Tukiwa tunapiga soga, akaingia mzee mmoja jirani, akakaribishwa kiti, akapewa na kata ya mbege. Mzee akanywa mafunda mawili, akafuta sharubu, akauliza, "Hivi vijana, lile gari la waya la mlimani limeishia wapi?"

Lo! Msomaji, laiti angejua.

Mama alikuwa wa kwanza kujibu. "Lije hata kesho. Na mimi nitakuwa wa kwanza kupanda."

Kaka akatoa mguu kwenye beseni, maji yakamwagika mpaka chini ya meza. "Mama, likija hilo gari, mimi nitakula nini?"

Nyumba ikawa kimya. Mzee wa watu akaanza kutafuta fimbo yake aage. Na mimi ambaye nimesomeshwa na mlima huo huo mpaka Form Four, nikakosa la kusema. Nikainamia bakuli langu la mtori.

GARI GANI HILO?

Kabla sijaendelea, niwatoe wasiwasi wasomaji wa mbali. Hapa hatuzungumzii lile gari la waya tulilokuwa tukisokota utotoni, lenye magurudumu ya kandambili mbovu na usukani mrefu. Hili ni gari la kweli. Kinasimikwa kituo chini, kingine juu, katikati zinapangwa nguzo za chuma. Juu ya nguzo unapita waya mnene wa chuma uliosukwa kama kamba. Kila mwisho kuna gurudumu kubwa, mota inalizungusha, waya unatembea, na kwenye waya vinaning'inia vibanda vya vioo. Unaingia, unakaa, mlango unafungwa, unaona migomba inabaki chini yako. Hutoki jasho hata tone.

Stori yenyewe ilivuma Mei 2019. Aliyekuwa Naibu Waziri wa Maliasili na Utalii, Constantine Kanyasu, aliwaambia waandishi wa habari kwamba serikali inafikiria kuweka usafiri huo Kilimanjaro, na kwamba mazungumzo yalikuwa yanafanyika na kampuni mbili, moja ya China na nyingine ya nchi za Magharibi. Hoja yake ilikuwa kwamba wapo wageni wengi ambao wangependa kuuona mlima kwa karibu lakini hawawezi au hawataki kuukwea, hasa wenye umri mkubwa. Alisema usafiri huo ungeweza kuongeza idadi ya watalii wa mlimani kwa asilimia 50. Wakati huo waliokuwa wakipanda walikuwa kama 50,000 kwa mwaka.

Baadaye njia ya Machame ndiyo ikawa inatajwa sana, yaani huku huku kwetu. Watu wakaanza kuota. Jirani mmoja alijenga vyumba viwili vya wageni kwa kimbelembele, leo anafugia kuku. Maana mpaka naandika makala haya hakuna hata nguzo moja iliyosimama. Miaka imekwenda, mawaziri wamebadilika, lakini kila mara neno hilo likitamkwa, Moshi nzima inagawanyika. Vijiweni, kwenye daladala, mpaka msibani watu wanabishana.

WENZETU WAMEFANYAJE?

Nisije nikaonekana nabwabwaja tu, niliamua kufuatilia mambo haya kwa wenzetu. Kwa hakika sisi hatutakuwa wa kwanza, hata hapa Afrika.

Cape Town, Afrika Kusini, wana gari lao la waya la kupanda Table Mountain tangu Oktoba 1929. Enzi hizo hapa kwetu wakulima wa kahawa bado walikuwa hawajaanzisha KNCU. Mwaka 1997 wakaweka mapya, kila moja linachukua watu 65, na sakafu yake inajizungusha ili kila abiria aone pande zote bila kugombea dirisha. Upepo ukiwa mkali wanafunga. Wanaotaka kupanda kwa miguu nao wanapanda kama kawaida, njia zipo.

Venezuela wana la mji wa Mérida. Lile la kwanza lilianza mwaka 1960, likafungwa 2008 kwa sababu ya uchakavu, likajengwa upya na kufunguliwa 2016. Linafika mita 4,765. Kwa wanaoujua mlima wetu, hapo ni juu kidogo hata ya Kibo, pale wanapolala watu wa njia ya Marangu usiku wa mwisho kabla ya kileleni. Bolivia nao, mjini La Paz, tangu 2014 wanayatumia kama sisi tunavyotumia daladala. Mtu anatoka El Alto juu, anashuka mjini kazini, jioni anarudi. Hakuna konda wa kukusukuma wala wa kukudai chenji.

Na kama hiyo haitoshi, kuna wanaovuka mpaka wa nchi hewani. Julai 2023 Waswisi na Waitaliano walikamilisha kiungo cha mwisho cha magari ya waya kati ya Zermatt, Uswisi, na Cervinia, Italia, kupitia kituo kilichoko mita 3,883 juu ya usawa wa bahari. Hiyo ni miji ya watu wa kuteleza kwenye theluji. Asubuhi mtu anateleza Uswisi, mchana anakula tambi Italia, jioni karudi kwake, na mguu haujagusa barabara.

Nilipomsimulia kaka habari hii alicheka. "Basi na sisi tuunganishe Rongai na Loitokitok," akasema. "Mkenya apande kwao, ashuke kwetu, aseme mlima ni wake." Si mnajua ugomvi wetu na majirani juu ya huu mlima. Wao wanaupiga picha kutoka Amboseli wanaweka kwenye matangazo, sisi tunaumia roho. Afisa uhamiaji itabidi naye aning'inizwe kwenye kibanda chake, agonge mihuri hewani!

Lakini utani pembeni. Wazungu hawa wanaunganisha miji ya theluji kwa sababu theluji ndiyo biashara yao. Hata Lesotho, ndugu zetu wana mahali pa kuteleza pale Afriski. Yetu inakwisha. Wataalamu waliopima barafu ya Kilimanjaro walieleza mwaka 2009 kwamba asilimia 85 ya barafu iliyokuwepo mwaka 1912 ilikuwa imetoweka kufikia 2007. UNESCO nayo ilisema mwaka 2022 kwamba barafu za mlima huu zitakuwa zimekwisha ifikapo 2050. Kwa hiyo anayetaka kujenga leo ajue kabisa kwamba abiria atakayezaliwa mwaka huu huenda akipanda akakuta jiwe tupu.

Halafu kuna ajali. Mei 23, 2021, huko Mottarone, Italia, waya wa kuvutia ulikatika na breki ya dharura haikushika. Kibanda kikarudi nyuma kwa kasi, kikaanguka. Watu 14 walikufa, akabaki mtoto mmoja. Nchi yenye mafundi waliobobea hiyo. Sisemi tuogope kila kitu, hata basi linaua. Nasema kitu kama hiki hakitaki fundi wa kufunga waya kwa waya na kusema "itashika tu bosi".

KILO ISHIRINI ZA KAKA

Sasa turudi kwa kaka na beseni lake.

Kaka yangu ni mpagazi, au "mgumu" kama wanavyojiita wenyewe. Alianza nikiwa darasa la tano, baada ya baba kufariki. Kazi yake si ngumu kuieleza. Unafika getini, mzigo unapimwa kwenye mzani, kwa utaratibu wa hifadhi hautakiwi kuzidi kilo 20. Unaupandisha kichwani au shingoni. Mgeni anaondoka na kachupa ka maji, wewe unaondoka na hema lake, kiti chake, meza yake, mtungi wa gesi, mayai, matikiti maji. Ndiyo, matikiti maji yanapanda Kilimanjaro, nyinyi mlidhani? Na pamoja na mzigo wote huo inabidi umpite mgeni njiani, ili akifika kambini akute hema limesimama na chai iko tayari. Akikuona unampita anapiga makofi, anasema "jambo", unamjibu "jambo", unaendelea kupumua.

Mwaka mmoja alipanda na kampuni moja, sitaitaja. Siku saba mlimani, mvua juu, matope chini. Waliposhuka Mweka wakaambiwa malipo njooni wiki ijayo. Wiki ijayo wakaambiwa bosi kasafiri. Mpaka leo bosi hajarudi safari. Bakshishi ya wageni nayo ilikuwa imeshagawanywa kwa namna ya mkubwa kula na mdogo kulamba. Ile pesa ndiyo ilikuwa ya ada yangu ya muhula. Kaka hakusema neno. Alikaa nyumbani siku mbili, akapanda tena na kundi jingine, magoti bado yamevimba. Ada ikalipwa. Mimi nikafanya mtihani wa Form Four nikiwa sidaiwi hata senti.

Kwa hiyo msomaji, mtu akiniambia gari la waya, mimi naona kwanza zile kilo 20. Zikipanda zenyewe kwa umeme, nani atakuja kuita "kaka njoo"?

Na hayupo peke yake. Loishiye Mollel, aliyekuwa akiongoza chama cha wapagazi, alieleza mwaka 2019 kwamba mgeni mmoja kutoka Marekani anaweza kuwa na watu mpaka 15 nyuma yake, 13 kati yao wapagazi, pamoja na mpishi na mwongozaji. Piga hesabu ya familia zao. Ongeza mama anayeuza karoti na hoho Mbuyuni, mshona mabegi na mahema, anayekodisha makoti na viatu vya baridi, mwenye gesti, mwenye Noah ya kupeleka wageni getini. Moshi kahawa ilipoyumba, wengi wetu mlima ndio ulitushika mkono.

Mwaka 2022 intaneti ilifikishwa Horombo, mita 3,720 juu. Nilifurahi, siku hizi kaka ananitumia picha akiwa njiani. Lakini huyo aliyenitumia picha bado alikuwa na mzigo shingoni. Na Oktoba 2020 mlima ulipowaka moto, walioenda kupambana nao mstari wa mbele ni watu kwa miguu yao, vijana wa vijiji, watu wa hifadhi, wanafunzi wa chuo cha Mweka. Mlima huu unalindwa na miguu ya watu. Ukiwaondoa watu hao kwenye ulaji wa mlima, siku ukiwaka tena watapanda kwa mapenzi ya nani?

MAGOTI YA MAMA

Mpaka hapo ungedhani nipo upande wa kaka moja kwa moja. Subiri umsikie na mama.

Mama yangu alizaliwa chini ya mlima huu. Ameolewa chini yake, amezaa watoto wanne chini yake, amemzika mume wake kihambani akiwa anautazama. Amepanda mpaka msituni kukata majani ya ng'ombe na kuokota kuni, kwenye ule ukanda tunaouita nusu maili. Hapo ndipo mwisho wake. Juu ya hapo hajawahi kufika hata siku moja, na sasa magoti yamekataa. Kutoka nyumbani mpaka kanisani anapumzika mara tatu.

"Mzungu anatoka kwao huko ng'ambo anakuja kuujua mlima kuliko mimi," alisema Jumapili ile, na sauti yake haikuwa ya utani. "Mwanangu anaenda huko kila mwezi kama anaenda shambani. Mimi nautazama tu kama picha ya ukutani. Nataka nifike juu ya mawingu, nitazame chini nione nyumba yangu inavyoonekana. Basi. Kosa langu nini?"

Nani atamjibu, msomaji? Si yeye peke yake. Mlima huu ndio tuliowasha Mwenge juu yake usiku wa Uhuru, Desemba 9, 1961, akiupandisha Luteni Alexander Nyirenda. Tunaambiwa ni wa Watanzania wote. Lakini ni Watanzania wangapi tumewahi kufika hata mita 3,000? Mzee, mama mjamzito, mlemavu wa miguu, wote wanabaki na picha kwenye chupa za bia.

Mama hakuishia hapo. Akamgeukia kaka. "Na yule mgonjwa uliyemsukuma usiku, umesahau?"

Kaka akanyamaza. Maana kweli aliwahi kutusimulia. Kule juu mgeni akizidiwa na mwinuko, kichwa kinapasuka, anatapika, anaanza kuropoka, dawa ya kwanza ni kumshusha haraka. Wanamfunga kwenye machela yenye gurudumu moja katikati, wanaishika watu sita au nane, wanakimbia nayo gizani kwenye mawe. Kaka na wenzake walimshusha mtu hivyo kutoka Kibo mpaka Horombo. Alipona. Lakini kaka alisema usiku ule alitamani pangekuwa na kitu chochote cha kumteremsha yule mtu, hata ungo wa wachawi.

HESABU YA FORM FOUR

Basi nilipokosa la kusema, nikachukua kalamu. Mimi si mchumi, nina cheti changu cha Form Four na hesabu nilipata D, lakini nilijaribu.

Kwa viwango vilivyotozwa kwa miaka mingi, mgeni wa kutoka nje alilipa dola 70 kwa kila siku ya kuwa hifadhini na dola 50 kwa kila usiku wa kulala kambini, kabla ya kodi. Anayepanda Machame kwa siku saba na usiku sita ameacha dola 790 getini, bado hujagusa mshahara wa mgumu wala bei ya karoti. Anayepanda gari la waya asubuhi na kushuka mchana ni wa siku moja. Dola 70, kwaheri.

Sasa tuchukue yale maneno ya asilimia 50 yawe kweli tupu. Wageni 50,000 wanaongezeka 25,000. Wote wakiwa wa siku moja, getini zinaingia dola 1,750,000 za ziada. Pesa hiyo, sibishi. Lakini kila mgeni wa siku saba atakayebadili mawazo na kusema "kwa nini nijichoshe, nipande gari", geti linapoteza dola 720. Wakibadili mawazo kama 2,430 tu kati ya wale 50,000, ile faida yote ya getini imeliwa. Hao hawafiki hata watano katika kila 100. Ni kweli kuna nauli ya gari lenyewe, lakini nauli ni ya mwenye gari kwanza, na mwenye gari ana deni la kujengea. Wafanyabiashara wa utalii walipopinga walisema jambo hilo hilo, kwamba mgeni wa siku moja hali, halali wala haachi kitu.

Kuna na jambo la hewa, ambalo wengi vijiweni hawalitaji. Mlima haupendi haraka, ndiyo maana wimbo wa kule ni pole pole. Moshi mjini tupo chini ya mita 1,000. Ukimtoa mtu hapa na kumfikisha uwanda wa Shira, karibu mita 3,700 na ushei, kwa muda wa kunywa soda moja, anakutana na hewa ambayo nguvu yake ni kama theluthi mbili ya ile ya pwani. Kijana anaweza kuumwa kichwa tu. Mzee mwenye moyo mbovu, ambaye ndiye gari linajengwa kwa ajili yake, inabidi apimwe kwanza na asikae sana. La Paz watu wanamudu kwa sababu wamezaliwa huko huko.

Na usisahau msitu. Maji ya mifongo yetu, maji ya Pangani, maji ya Nyumba ya Mungu yanakotoka umeme, yote yanashuka kutoka huo msitu. Nguzo inataka barabara ya kuipeleka, na barabara inataka miti ikatwe. UNESCO iliuweka mlima huu kwenye urithi wa dunia mwaka 1987. Hauwezi kuuchimba mashimo kama unapanda migomba.

MIMI NASEMAJE?

Najua mnataka nichague. Haya, nachagua hivi.

Sikatai gari la waya kwa sababu ni la kisasa. Nakataa liletwe kimya kimya halafu wagumu wasikie kwenye redio. Kabla ya kusimika nguzo ya kwanza, waitwe wao kwanza, waambiwe kinagaubaga ajira ngapi zitakufa, ngapi zitazaliwa, na nani atazipata. Maana kuuza tiketi kunataka cheti, na kaka yangu cheti chake ni shingo yake. Mgonjwa wa mlimani ashushwe bure. Nauli ya mama wa Machame isiwe ya mtalii wa Ulaya. Na kama hesabu zinaonyesha hasara kwa Moshi na faida kwa kigogo mmoja, basi tuseme hapana bila kuona haya, hata kama kwenye karatasi linapendeza.

Na kwa vile halijajengwa, tusilitumie kama kisingizio. Mpagazi anayedhulumiwa malipo yake leo hadhulumiwi na gari la waya. Anadhulumiwa na mtu mwenye ofisi, mwenye simu, anayejulikana. Tukiwa wakali kwa gari ambalo halijaja, tuwe wakali na kwa huyo pia.

Sasa nimalizie mambo ya Jumapili. Mzee jirani alipokwisha kuondoka, mama alikuwa bado amenuna. Kaka akafuta miguu, akavaa kandambili, akaenda kukaa karibu naye.

"Basi kama gari hamlitaki, nibebe wewe," mama akasema bila kumtazama.

Kaka akamwangalia juu mpaka chini kama anayepima mzigo getini. "Mama, wewe unazidi kilo 20. Watanirudisha getini."

Mama alijikaza, akashindwa, akacheka mpaka machozi. Na sisi wote tukacheka. Halafu kaka akasema jambo ambalo hata mimi sikulijua. Kumbe upande wa magharibi, kutokea Londorossi, kuna barabara ya vumbi ambayo gari lenye nguvu linapanda nayo mpaka karibu na uwanda wa Shira. Wageni wengine hufikishwa huko kwa gari kila siku, na wagonjwa hushushwa kwa njia hiyo. Mtanzania naye akilipa kiingilio cha Mtanzania hakuna wa kumkataza.

"Nimebeba wageni huko miaka yote hii," alisema, "haikuwahi kunijia akilini kwamba na mama yangu anaweza kukaa kwenye kile kiti cha mbele."

Ameahidi kuzungumza na dereva anayemfahamu, msimu ukiisha na kama malipo yatatoka kwa wakati. Nimemwambia mama apimwe presha kwanza KCMC, na tutamweka huko juu saa moja tu, tusije tukaua mtu kwa mapenzi. Ameshaanza kuulizia koti zito la mitumba pale Kiboriloni. Nami nimejitolea kulilipia, pesa ikitoka kwenye makala haya, kwa hiyo mhariri asichelewe.

Akirudi nitawaambia nyumba yetu inaonekanaje kutoka juu. Wiki ijayo Mungu akipenda tutarudi kwenye mapenzi, maana najua mmeshaanza kununa. Alamsiki.